Daraja Lililofutwa

"Nasema tuifunge leo leo," Kibwana alirudia. "Mtu asiyejulikana kafuta daraja zima kwenye ramani, na bado unamtetea?"

"Tuliiweka mtandaoni ili kila mtu airekebishe," Salha alimjibu. "Ukiifunga, itabaki yako peke yako."

"Na dereva wa gari la wagonjwa aifuate ikimdanganya?"

Mkono wa Kibwana ulikuwa umeshafika kwenye kompyuta alipoingia Bi Sikudhani, mkunga wa ng'ambo ya mto, kanga imelowa hadi magotini.

"Daraja nimelifuta mimi, kwa simu," alisema. "Mto umelibeba alfajiri. Nina mzazi mwenye uchungu kule, na gari la wagonjwa lingetumbukia. Lipite juu kidogo ya hapo, penye mawe mapana. Nimepapima kwa miguu yangu, ndipo nikaja."

Miaka yote aliyosomea ramani, Kibwana hakuwahi kuulowesha mguu wake katika mto ule. Akainuka, akamvutia kiti chake mwenyewe.

"Kaa hapa, mama. Njia ichore wewe."

Bi Sikudhani akajifuta tope mikononi, akashika kipanya, na mstari mwembamba ukaanza kuingia majini.