Kadi Ndani ya Gazeti

"Nifungie kwenye gazeti," mwalimu mstaafu alinong'ona, ingawa dukani hamkuwa na mteja mwingine. "Boksi lisionekane."

Fundi wa kompyuta, aliyefundishwa hesabu na mwalimu huyuhuyu miaka mingi nyuma, alijizuia kucheka. Akairudisha mezani kadi kubwa ya grafiki, ile inayochora picha kwenye skrini.

"Subiri kwanza, mwalimu. Kadi si kofia, kwamba itakaa kichwa chochote. Prosesa ndiyo inayoipa kazi. Prosesa ikiwa dhaifu, kadi kubwa kama hii itakaa bure ikisubiri. Kadi nayo ikiwa dhaifu, prosesa ndiyo itakayosubiri. Lazima ziendane. Yako ni prosesa gani?"

Mwalimu akatoa mfukoni kikaratasi. Alikuwa amenakili jina na namba kutoka kwenye risiti ya kompyuta, risiti ya miaka sita iliyopita.

Fundi alisoma, akatikisa kichwa kwa huruma. "Hii imekula chumvi nyingi. Kubwa achana nayo, chukua hii ndogo, ndiyo saizi yake. Lakini una hakika, mwalimu? Ungeniletea mashine yenyewe niione."

"Kompyuta ni yangu, binti yangu, nitakosaje kuijua? Na kuileta haiwezekani. Nyumbani kuna askari."

Askari mwenyewe alikuwa mkewe, fundi cherehani aliyeshonea nusu ya mtaa. Mwalimu alipostaafu, alimwambia anataka kuandika kitabu cha hesabu ambacho hata mtoto mzito wa kichwa angekielewa. Mkewe hakubisha. Aliiondoa cherehani yake dirishani, penye mwanga mzuri, akaisogeza kwenye kona ya chumba ili kompyuta ya mumewe ikae pale.

Kitabu kilifika ukurasa wa nne. Kisha mwalimu akaigundua gemu ya mbio za magari.

Tangu hapo akawa mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mkewe akitoka kupeleka nguo kwa wateja, yeye huyo barabarani, mwendo wa risasi. Akisikia geti, anafungua ukurasa wa nne na kukunja uso kama mtu mwenye mawazo mazito.

"Kitabu kinaendeleaje, baba watoto?"

"Kinakwenda, mama watoto. Polepole."

Kila alipojibu hivyo, macho yake yaliikwepa ile kona, ambako mkewe aliinama kwenye giza akihangaika kutunga uzi sindanoni. Usiku mmoja aliapa kuacha. Kesho yake, saa tatu asubuhi, alikuwa wa pili kwenye mbio.

Mwezi wa tatu alipuliza vumbi ndani ya kompyuta. Baada ya siku chache ikawa nyepesi kuliko ilivyopata kuwa. Mwalimu alijisifu wiki nzima, kimoyomoyo, maana hakuwa na wa kumwambia. Ila kwenye kona kali picha bado zilikatakata, na hilo ndilo lililompeleka dukani leo.

Asubuhi mkewe alikuwa amemuuliza mara mbili, "Utarudi saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili," alidanganya. Saa nane na nusu alikuwa mlangoni, gazeti kwapani.

Nyumba ilikuwa kimya. Mkewe alikuwa ametoka. Kiti cha kompyuta kilikuwa kimesogezwa mbele. Amefagia, mwalimu aliwaza. Kompyuta ilikuwa na joto. Jua hili la dirishani, aliwaza tena. Akapekua mtoto wa meza ya cherehani, akapata bisibisi ndogo kati ya vifungo na sindano, akapiga magoti.

Skrubu zilitoka kwa vidole viwili tu. Ndani, hata feni iliyofunika prosesa iling'aa kama mpya. Mwalimu akatabasamu. Kumbe alijua kupuliza vumbi!

"Baba watoto."

Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake, mfuko mkononi. Mwalimu akageuka, kadi mkono wa kulia, bisibisi mkono wa kushoto. Uongo aliokuwa ameuandaa njia nzima ukayeyuka.

"Hakuna kitabu," alisema, palepale alipopiga magoti. "Kuna kurasa nne. Nacheza gemu, mama watoto. Miaka hii yote. Ulinipa dirisha lako, mimi nikaligeuza barabara ya magari." Akaweka bisibisi chini. "Nisamehe. Leo hii narudisha cherehani yako mahali pake."

Mkewe aliweka mfuko chini, akaichukua kadi, akaigeuzageuza kwenye mwanga jinsi anavyokagua kitambaa kabla ya kukikata.

"Nani kakuchagulia hii?"

"Fundi wa dukani. Kasema ndiyo inayoendana na prosesa."

"Ulimtajia prosesa gani?"

"Hii hii. Iliyokuja na kompyuta."

Mkewe akashusha pumzi ndefu, akamrudishia kadi.

"Ile niliitoa mwezi wa tatu, mume wangu, nikaweka yenye nguvu zaidi. Kabadilishe hii, lete kubwa, na usikawie njiani: saa kumi na moja nina mashindano."