Digrii ya Miamba

"Fumba macho," Mabula alisema. "Macho ndiyo yanayokudanganya."

Kalisti alifumba macho, akainua nyundo na kugonga dari ya mgodi. Kiganja cha kushoto alikuwa amekibandika kwenye jiwe, kama alivyoelekezwa, ili mkono usikie kile ambacho sikio lingekikosa.

"Mzima," alisema.

"Una hakika?"

Jasho lilimtiririka kijana hadi kwenye kola ya shati lake la Ulaya. "Sina hakika, baba."

"Basi gonga tena."

Ilikuwa Jumamosi, Juni ya mwaka hamsini na tatu. Jumatatu Kalisti angekabidhiwa zamu ya watu kumi na wawili, na wote hao wangeingia popote ambapo yeye angesema ni salama. Mabula alikuwa na siku hii tu ya kuhakikisha kwamba kijana anasikia tofauti ya mwamba mzima, unaolia kama kengele, na mwamba mfu, unaolia butu. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa fundi wa kusimika magogo katika migodi ya Geita, na hakujua njia nyingine ya kuwarudisha watu kwao.

Watu wa kijiji chao cha Nyarugusu walikuwa na maneno. Kijana kakaa Ulaya miaka minne, karudi na digrii ya miamba, leo anamfuata nyuma mzee asiyejua hata kuandika jina lake, kabebeshwa kikapu cha nyundo! Wengine walisema mzee amechanganyikiwa, maana ni yeye aliyekwenda ofisini, kofia mkononi, kuomba apewe kijana huyo amfunze. Kampuni ilitaka kumficha ofisini achore ramani. "Ramani amechora za kutosha," Mabula alimwambia bwana mkubwa, ambaye alimuuliza mara mbili kama ana hakika na anachoomba.

Asubuhi ile Mbuke, mke wa Mabula, alikuwa amewatengea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa, kisha akageukia ukuta.

"Wabeja, mayu," Kalisti alimshukuru kwa Kisukuma, akimwita mama.

Mbuke aliendelea kuutazama ukuta. Ilikuwa hivyo miezi yote minne tangu kijana ahamie kwao: kumlisha alimlisha, kumtazama alishindwa. Mama gani angependa kumtazama kijana anayeshuka shimoni? Mabula alimwelewa, na moyo ulimuuma kwa ajili yake.

Walipokuwa wakishuka walipita njia ya nne, iliyozibwa kwa magogo tangu iporomoke mwezi wa pili. Kalisti alivua kofia, kama kila siku. Mabula alipita bila kugeuza shingo. Angegeuka, angeketi pale pale asiinuke tena.

Sasa walipumzika kidogo, wamekalia gogo moja.

"Huko chuoni," Mabula aliuliza, "hawakukushusha shimoni hata mara moja?"

"Mara moja. Tulivaa mabuti mapya tukapigwa picha."

"Na miamba mlijifunzia wapi?"

"Kabatini. Vipande vidogo vidogo, vimebandikwa majina."

Mzee alitema mate chini. Juzi Kalisti alikuwa amemsomea barua aliyowaandikia walimu wake: wasimpe mtu digrii kabla hajatumikia mwaka mzima chini ya fundi wa shimoni. Mabula aliomba uongezwe mstari mmoja tu, kwamba fundi huyo naye awe na ruhusa ya kumkatalia.

"Haya. Inuka."

Kalisti aligonga. Mzima. Akasogea hatua moja, akagonga. Mzima. Akasogea tena, akagonga, kiganja kikabaki juu ya jiwe muda mrefu.

"Hapana," alisema polepole. Kisha akapiga kelele, "Rudi nyuma, baba!" na kumvuta mzee mkono kwa nguvu hadi wote wawili wakajikwaa.

Mabula hakuwa amesikia kitu. Alichukua mtaimbo mrefu, akanyoosha mikono kutoka mbali, akachokonoa mahali pale. Bamba la jiwe lenye ukubwa wa mlango liliachia likaanguka, na taa zao zikapotea ndani ya vumbi.

Vumbi lilipotulia, mzee alikuwa akilia waziwazi.

"Umesikia," alisema. "Umesikia kuliko mimi." Kisha akarudia mara nyingi, kama mtu anayejisemesha, "Miezi minne tu. Kumbe ni kitu cha kufundishwa kwa miezi minne tu."

Kalisti alitaka kumshika bega. Mkono ukaishia hewani.

Walipofika nyumbani alasiri, walikuta ng'ombe kumi uani na mgeni amesimama kando yao, vumbi la safari limemjaa hadi kwenye nyusi. Alikuwa baba mzazi wa Kalisti, amekuja kutoka Nyasubi kwa mara ya tatu kumsihi Mabula apokee ng'ombe wa fidia ya kifo cha kijana aliyeitwa Januari, mtoto wa pekee wa Mabula na Mbuke, aliyeangukiwa na dari ya njia ya nne, ambayo Kalisti, akisoma ramani yake, alisema ni salama.