Sufuria za Harusi

"Uzee umenichukulia meno tu. Sufuria nikishaiona, siisahau ng'o!" alijigamba Bi Mize, mgawaji wa vyombo vya kuazima baada ya kila harusi mtaani. Alama za rangi ambazo wenyewe walizitia chini ya sufuria zao, kwake, zilikuwa za wasahaulifu.

"Hii yako, Sakina."

"Si yangu, bibi."

Wanawake wakacheka. Bi Mize akacheka kuwashinda, akawafukuza wakanywe chai kwanza.

Alipobaki peke yake uani, sufuria zote zikamtazama kwa sura moja. Akapiga magoti, akazibinua mojamoja, akichungulia alama.

"Bibi, nimekuletea chai."

Sakina alikuwa mlangoni. Bi Mize akaifunika alama kwa kiganja. Rangi nyekundu ikachungulia kati ya vidole vyake.