Jani la Sale

Majibu ya vipimo vya vinasaba vya mtoto wa mbwa yalifika asubuhi. "Ni ugonjwa wa macho wa kurithi," daktari wa mifugo alisema. "Atapofuka kabla ya kutimiza miaka miwili. Mama yake alipandwa na nani?"

"Na ndugu yake wa tumbo moja," Elirehema akajibu kwa aibu. Alikuwa ametaka ile rangi nyeusi ya manyoya yao isipotee.

Akakata jani la sale mpakani mwa shamba, jani la kuombea msamaha, ambalo Mmeru halikatai. Akapanda nalo mlima mpaka kwa bibi ambaye yeye mwenyewe alimpa yule mtoto wa mbwa.

Bibi alimsikiliza hadi mwisho. Hakulipokea.

"Mimi hujanikosea, mwanangu. Mwenye macho yake yule pale."

Chini ya migomba, mbwa alikuwa akifukuza kipepeo. Elirehema akapiga magoti, akamnyooshea jani. Mbwa akamwacha kipepeo, akaja mbio, akaketi mbele yake.

Elirehema akalipunga taratibu. Na yale macho mawili ya kahawia yakalifuata jani kila lilikoyumba, huku na huku, yasilipoteze hata mara moja.