Sakafu ya Boti

Kalunde alikaza skrubu ya mwisho, akaipapasa plaiwudi kwa kiganja. Boti yao ndogo ya alumini, iliyokuwa mbavu tupu, sasa ilikuwa na sakafu tambarare. Tangu apooze miguu, mumewe Ndaki hakuwa amerudi ziwani kuvua.

"Mama Sayi, hii boti au sebule?" Ndaki aliuliza kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu.

"Sebule, Baba Sayi. Karibu ndani."

Alimsukuma juu ya ubao wa kupandia botini mpaka magurudumu ya kiti chake yakatulia katikati, kati ya vizuizi viwili vya mbao. Ndaki alishika kingo za boti, machozi yakamlengalenga. Kisha akatazama huku na huku.

"Mdogo wangu ataketi nyuma, kwenye injini. Na wewe?"

"Mimi nitawasubiri hapa na sufuria. Maji nayaogopa, unajua."

"Najua. Lakini sebule bila mke nani aliiona? Bila wewe siendi. Nipe bisibisi."

Akainama, akaanza kufungua kizuizi cha mbele ili kiti kisogee, nafasi ya pili ipatikane. Ufukweni, Kalunde alivua kandambili moja, akabaki nayo mkononi, maji yakimlamba vidole.