Maswali ya Mwoka Mikate

"Mchungaji, huyu mnyama ana vichwa saba. Sasa anakula kwa kipi?"

Mwoka mikate aliuliza bila kucheka, unga ungali umemganda kwenye nyusi. Mchungaji akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Tangu kanisa lijengwe ubavuni mwa nyumba ya mwoka mikate, jirani huyu hakuwahi kukanyaga hata kizingiti. Sasa kila jioni alikuja, Biblia kwapani.

"Kaa, ndugu yangu." Mchungaji akachungulia mlangoni, kwaya ilipokuwa ikimsubiri. "Leo pia nendeni nyumbani. Nina kondoo mmoja hapa, siwezi kumwacha."

Wanakwaya walitawanyika haraka, kabla hajabadili mawazo.

Mwoka mikate hakuwa na maswali mepesi. Wale ndugu pacha wa kwenye Maandiko, kwa nini Mungu alimchagua mmoja kabla hawajazaliwa? Kosa lao lipi, wangali tumboni? Mchungaji alishusha vitabu vyenye vumbi, akafunua, akatoka jasho. Mwenzake alisikiliza huku akipiga miayo ya kuvunja taya.

"Nenda ukapumzike. Wewe ni mtu wa kuamka alfajiri."

"Bado sijaelewa, Mchungaji."

"Na pacha wako hawajambo?"

"Siku hizi wanalala vizuri. Tunamshukuru Mungu."

Ndipo ikafika jioni ya mfano wa yule msimamizi mdanganyifu, aliyepunguza madeni ya watu kwa hila, na bosi wake badala ya kumfunga akamsifu. Mchungaji alieleza, akarudia, akakwama.

Mara mwoka mikate akainua kichwa. Usingizi ulikuwa umemtoka.

"Hamsifii wizi," alisema polepole. "Anamsifu kwa kuwa aliona mlango unafungwa, akakimbia kabla haujafungwa. Sisi wengine tunauona, na tumekaa tu." Machozi yakamlengalenga. "Mchungaji, nimeelewa. Leo sina swali."

Mchungaji alimkumbatia mpaka koti lake jeusi likawa jeupe kwa unga.

Mwoka mikate alitoka akitembea kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nyumbani alimkuta mkewe ukingoni mwa kitanda, pacha mmoja begani, mwingine mapajani, wote macho yakianza kulegea.

"Mbona mapema?" mkewe akanong'ona.

"Mama watoto, nimeelewa! Yale Maandiko, nimeyaelewa kabisa!"

"Na Mchungaji je?"

"Nimemwambia sina swali tena. Amefurahi, hujapata kuona."

Mkewe akafumba macho.

"Mimi nilikutuma umshike huko mpaka watoto walale. Nani alikutuma uelewe?"

Juu ya dirisha lao spika nne za kanisa zilikohoa, na sauti ya mchungaji, yenye furaha kuliko siku zote, ikatikisa vioo: "Haleluya, majirani!"