Nukta Nyekundu

Kati ya diski zote za mtumba zilizotandazwa mezani, Sikudhani aliridhika na moja tu, ile ambayo fundi Mbaruku aliichomeka mbele yake ikaamka bila kukoroma. Kasha alishapata, kioo alishapata. Bila diski nzima, kompyuta yake ya kuchapia barua za watu ingebaki sanduku tupu.

"Niwekee, narudi alasiri," alisema.

Fundi alipogeuka kupokea simu, Sikudhani alichomoa kichupa cha rangi ya kucha mkobani, akaitia diski nukta nyekundu pembeni. Wenzake walishamwonya: kwenye mtaa ule unachagua kizima, unafungiwa kibovu.

Alasiri fundi alitokea nyuma ya pazia, diski mkononi.

"Hii hapa, dada yangu. Ile ile yako."

"Mimi wala sina wasiwasi nawe," alisema Sikudhani, huku akiigeuzageuza.

Nukta ilikuwepo, pale pale alipoiweka. Akaona haya. Kutwa nzima amemdhania mwenzake mabaya! Akafungua mkoba haraka, atoe hela kabla uso haujamsaliti.

Noti ya kwanza ikamnata kidoleni. Akaiinua kwenye mwanga: alama ya kidole chake, nyekundu, bado mbichi.

Upepo ukalisukuma pazia. Nyuma yake, kwenye rafu, vichupa vya rangi ya kucha vilikuwa vimepangwa safu nzima: waridi, zambarau, kahawia, dhahabu. Chekundu kilikuwa hakijafunikwa.